Wazee si wa kufungua mukutano tu



Kiangazi kimefika. Maharagwe ya musimu B yako nyumbani, na mpaka mvula ya Septemba kazi ya shamba inapungua, isipokuwa kwa wale wanaolima musimu C kule bondeni. Ni miezi ya mafunzo: barabara zimekauka na watu wako na nafasi. Lakini kila mwaka tunaona jambo lilelile. Listi ya watu wa kufundishwa inatoka, na majina ya wazee hayako. Muzee anaitwa asubuhi kufungua mukutano na maombi, watu wanapiga makofi, kisha anarudi kwake. Mafunzo yenyewe yanaanza wakati amekwisha kwenda.

Sisi maagronomu tunaofanya kazi na koperative za hapa Kivu ya Kusini tunasema hivi: ile tabia si kukosa heshima tu. Ni hasara ya shamba, na hasara hiyo inalipwa na koperative nzima.

Tuangalie vilima vyetu. Vijana wengi wako kwenye machimbo, ao mujini wanatafuta maisha. Anayebaki na jembe ni mara nyingi mama wa miaka 60 na zaidi, pamoja na bwana wake. Tena muzee ndiye anakata shauri: mugomba ukatwe ao ubaki, muti ukue ao ugeuzwe makala. Mukimufundisha kijana peke yake, atarudi nyumbani na daftari, baba atasema “hapana”, na daftari litaishia pale.

Chukueni mufano wa mnyauko wa migomba. Katika Kongo, ugonjwa huu ulionekana kwanza kule Masisi mwaka 2001, kisha ukashuka mpaka kwetu. Shauri la zamani lilikuwa kung'oa shina lote na machipukizi yake. Ile kazi inataka nguvu za kijana; mujane wa miaka 70 hawezi. Leo tunajua njia nyepesi. Mugomba ukionyesha alama, unakata ule mumoja tu, karibu na udongo, na unaacha mingine inayoonekana muzima. Kila juma unarudi kuangalia. Mupanga unapitishwa kwenye moto mpaka chuma kiwe moto sana, mbele ya kugusa mugomba mwingine. Lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mukungu unalivunja na kijiti chenye panda, si na mupanga, juu wadudu wanabeba ugonjwa kutoka ua moja mpaka lingine.

Ile kazi muzee anaiweza vizuri kuliko mutu yeyote. Anashinda nyumbani, anapita kati ya migomba yake kila siku, ataona jani la kwanza linalonyauka. Lakini nani alimufundisha? Bila kufundishwa, ataazima mupanga wa jirani na kuurudisha na ugonjwa. Shamba moja lililosahauliwa linatosha kurudisha mnyauko kwa mulima wote, hata kama wanachama 40 walipata mafunzo.

Kuko pia vitu ambavyo sisi tuliosoma tunavikuta kwa wazee. Mama wengi wazee bado wanapanda maharagwe ya kuchanganya, rangi sita ao saba katika shamba moja. Wengine wanaona huo ni uchafu wa mbegu. Hapana, ni akili: aina moja inavumilia mvula nyingi, nyingine jua, nyingine udongo uliochoka. Mwaka ukiwa mubaya, kitu kinabaki cha kula. Lakini huyo mama naye ana jambo la kujifunza: achague mbegu wakati maharagwe yangali shambani, afunge kamba kwenye mimea isiyo na madoa, asingoje kuokota katika lundo. Anatufundisha, tunamufundisha.

Ni vilevile kwa mvula. Wazee wanajua alama za mvula ya kwanza, na wanajua kwamba siku hizi alama zinadanganya: inanyesha mara mbili, watu wanapanda, kisha jua linarudi na mbegu zinaharibika. Kopo lenye ukuta ulionyooka, likiwekwa mahali wazi, linasaidia. Maji yakifika milimita 10, ni lita 10 zilizoanguka kwenye kila metre 1 ya mraba. Muzee asiyejua kusoma anaweza kuchora alama kwenye kopo na kuweka jiwe dogo pembeni kwa kila siku ya mvula. Ndani ya miaka mitatu koperative itakuwa na habari ya mulima wake yenyewe.

Tunajua watu watajibu nini. Wa kwanza watasema: “Bazee habashike tena kitu kipya.” Lakini hao wazee waliona bei ya kahawa ikianguka mwaka 1989, wakageuza mashamba. Mozaiki ilipoharibu muhogo, walitafuta miti mingine ya kupanda. Hakuna aliyebadilisha kilimo mara nyingi kuliko wao.

Wa pili watasema miradi inataka vijana na wanawake. Sawa, na sisi tunawataka. Lakini mama wa miaka 68 naye ni mwanamuke. Na koperative ni ya wanachama, si ya mradi. Kanuni za ushirika zilizokubaliwa duniani mwaka 1995 zinasema wazi: ya 1 inakataza ubaguzi, na ya 5 inataka wanachama wafundishwe. Haikuweka mwisho wa miaka. Muzee analipa sehemu yake sawa na wengine.

Wa tatu watasema pesa hakuna. Kwa hii kazi, pesa nyingi si lazima. Tunapendekeza asubuhi nne tu, kati ya Julai na Agosti, saa moja mpaka saa ine, mbele jua halijakali. Ya kwanza iwe kwenye migomba. Ya pili kwenye mbegu. Ya tatu watu watembee polepole mpaka kwenye chemchemi, wazee waonyeshe miti gani ilikuwa pale zamani, maji yalikuwa namna gani, na pamoja muchague miti ya kurudisha. Ya ine iwe ya mvula na kalenda ya musimu A.

Mambo madogo ndiyo yatafaulisha ao kuharibu. Mahali pawe karibu, penye kivuli na viti. Musemaji atumie lugha ya kijiji, sauti iwe kubwa, na asiandike ubaoni. Aonyeshe kwa mikono, na kila muzee ajaribu mwenyewe. Uji na maji vipatikane. Kila muzee aje na mujukuu ao kijana wa jirani, ili maarifa yabaki kwa watu wawili. Na kwa yule asiyeweza tena kutembea, kundi liende kukaa katika lupango yake. Ataona kwamba koperative haijamusahau.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wa komite: katika mukutano wenu unaokuja, wekeni hili neno kwenye listi ya mambo ya kuamua. Hesabuni wanachama wenu waliopita miaka 60, kisha hesabuni wangapi walipata mafunzo tangu mwaka jana. Kama jibu ni sifuri, basi kazi ya hiki kiangazi munaijua.

Na muzee mwenyewe anayesomewa hii barua: usingoje kuitwa. Siku ya mafunzo, ukimaliza maombi, baki ukae.