Barabara Zimejaa Viti Vitupu

Umeamka saa ngapi leo? Saa kumi alfajiri? Saa kumi na nusu? Umewaaga watoto, au umewaacha wamelala kama jana, kama juzi? Na kazini umefika saa ngapi?

Usinijibu. Najua. Umechelewa.

Umechelewa kwa sababu unaishi Likoni, au Kisauni, au Changamwe, na riziki yako iko kisiwani. Kati yako na riziki hiyo kuna foleni. Tumeizoea mpaka tunaisema kama tunavyoisema mvua, kitu cha kudra, cha kuombea dua tu. Mvua huteremshwa na Mungu. Foleni hii imepangwa na watu, kwa kalamu na kwa bajeti, huku sisi tukitazama.

Mimi nimechoka kutazama.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2019 ilipata watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171. Waliobaki wote, zaidi ya milioni moja, ni sisi wa bara: Kisauni, Nyali, Likoni, Changamwe, Jomvu. Katika kila watu kumi wa kaunti hii, zaidi ya wanane wanalala ng'ambo. Lakini hospitali kuu ya rufaa iko kisiwani. Mahakama Kuu iko kisiwani. Maofisi na mabenki mengi, soko la Marikiti, Mwembe Tayari, vyote kisiwani.

Na kisiwa kina milango mingapi? Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea la 1931. Makupa. Kipevu. Na kivuko cha Likoni. Basi, hiyo ndiyo milango yetu. Mtungi wa shingo nyembamba haujai upesi kwa kupanuliwa tumbo.

Sasa katika milango hiyo michache, nani anapishwa?

Simama Kengeleni, kabla ya daraja la Nyali, saa moja asubuhi, utazame ndani ya magari. Gari la kwanza, mtu mmoja. La pili, mtu mmoja, na mkoba wake umekalishwa kiti cha mbele. La tatu, dereva na mtoto wa shule. Viti vilivyobaki ni vitupu. Vinapelekwa mjini kwa petroli inayonunuliwa kwa dola, vinakaa kutwa juani, vinarudishwa jioni vitupu vilevile. Nyuma yao imekwama matatu ya abiria 14, makanga ananing'inia mlangoni, mama amempakata mtoto mwenye homa, fundi amebana begi la vifaa kati ya magoti.

Ile matatu haijazi nafasi ya magari mawili madogo kwa vyovyote. Wagawie abiria wake magari, kila mtu na lake, uone yatakavyoziba njia kuanzia Kengeleni. Kisha uniambie nani anayesababisha msongamano. Makanga tunayemtukana kila siku, au viti vitupu tunavyovipisha kwa heshima?

Foleni yetu ni foleni ya viti vitupu. Watu wenyewe wangekwisha pita zamani.

Teremka Likoni sasa. Kivuko kile kinafanya kazi tangu 1937. Watu zaidi ya 300,000 hutajwa kuwa wanavuka kwa siku, na magari yapata 6,000. Ziweke tarakimu hizo mbili pamoja. Kisha tazama sakafu ya feri: imekatwa kwa hesabu ya gari. Panapokaa gari moja wangesimama watu kumi na tano bila kukanyagana. Lakini gari lina mstari wake, lina mtu wa kulielekeza kwa mkono, taratibu, taratibu, lisikwaruzwe. Mwenda kwa miguu ana nini? Ana banda la kungojea, ana jua, ana jasho la mwenzake shingoni.

Umewahi kumtazama hamali wa mkokoteni pale kwenye mteremko? Anashuka kinyumenyume, kisigino kimekita lami, mzigo wa viazi unamsukuma kuelekea majini, naye anapiga kelele, "Chunga! Chunga!" Mbele yake kuna watu, nyuma yake gari linapiga honi. Akifika ng'ambo anaanza kupanda mlima ule mkali. Huyo ndiye anayelisha mji. Huyo ndiye anayepigiwa honi.

Na vivuko vyetu vimeshatuonya kwa damu. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka na watu 272 wakafa. Tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee, Likoni, na kumzamisha mama na binti yake, na nchi nzima ikangoja karibu wiki mbili mpaka miili ikatolewa. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, watu waliokuwa wakiwahi kuvuka warudi makwao walipigwa marungu na kutupiwa vitoa machozi palepale kivukoni Likoni. Kosa lao lilikuwa lipi? Wao wengi, nafasi haba, saa zimekwisha. Dau la mnyonge haliendi joshi, na likienda joshi huenda mrama.

Changamwe nako? Huko foleni ina magurudumu mengi zaidi. Malori ya makontena yamepanga foleni kandokando ya barabara, vumbi na moshi vinaingia madirishani Magongo na Chaani, na mtoto wa darasa la pili, amemshika mdogo wake mkono, anachungulia kati ya matela mawili atafute upenyo wa kuvuka aende shule. Hakuna anayeihesabu safari ile. Haimo kwenye ripoti yoyote ya usafiri, kwa sababu haina namba ya usajili.

Utaniambia, "Ndugu, serikali imejenga." Kweli imejenga. Mgala muue na haki yake umpe. Barabara ya Dongo Kundu ilikamilika 2024, sasa lori linatoka Miritini hadi upande wa Kwale bila kugusa feri, na mtalii anashuka uwanja wa ndege akaenda Diani bila kuiona Likoni. Ni kazi kubwa, na inasaidia. Lakini mama wa Timbwani anayeuza mboga Marikiti inamsaidia nini? Azunguke kwa gari lipi? Yeye bado yuko bandani, anangoja geti lifunguliwe.

Na lile daraja la kuelea la Liwatoni, lililofunguliwa kwa waenda kwa miguu wakati wa korona? Lilikaa katika njia ya meli, likawa la kufunguliwa kwa saa chache tu. Mpita kwa miguu akipewa kitu, hupewa cha dharura. Mwenye gari hupewa cha kudumu.

Sasa tunaimbiwa Mombasa Gate, daraja refu la kupita juu ya mlango wa bandari. Na lijengwe. Lakini umeshajiuliza litakuwa na urefu gani kwenda juu ili meli za makontena zipite chini yake? Hilo ni jabali la kupanda na kushuka. Nani atalivuka kwa miguu, amebeba mtoto na kapu? Siku litakapofunguliwa, watakuja kusema feri hazina kazi tena. Weka maneno haya akilini: siku hiyo tusipokuwa macho, tutakuwa tumejengewa daraja na kupokonywa kivuko.

Maana lami peke yake haijapata kumaliza foleni popote duniani. Marekani, mjini Houston, waliipanua barabara ya Katy mpaka ikafika njia 26 ukizihesabu na za pembeni. Kazi ilikamilika 2008. Haikupita miaka kumi, safari za asubuhi na jioni zikawa zinarefuka upya. Nairobi walipata Thika Road mwaka 2012, wakapata barabara ya juu ya kulipia mwaka 2022. Muulize mkazi wa Githurai kama foleni imekwisha. Muulize wa Mlolongo asiye na pesa ya kulipia njia ya juu. Ukipanua barabara unawaalika waliokuwa wameacha magari nyumbani. Wanakuja. Wanajaa. Unaanza kupanua tena.

Na sisi tunapiga makofi kila utepe unapokatwa!

Hapa nakugeukia wewe, msomaji, na usinikasirikie. Kwa nini umenyamaza? Nitakuambia. Umenyamaza kwa sababu moyoni unajiona uko safarini kuelekea upande wa pili. Unajiambia, "Mkopo wa sako ukitoka, nitachukua kagari kadogo, nami nitaondokana na shida hii." Kwa hivyo foleni unaiona ya muda. Banda la feri unaliona la muda. Huwezi kukipigania kituo cha matatu ambacho unaota kukihama.

Amka! Gari hilo litakutoa kwenye banda na kukuingiza kwenye foleni. Utakaa humo umefunga vioo, unalipa mkopo, bima, petroli na maegesho, na utafika saa ileile. Magari yanashuka Kilindini kila meli, mengi kutoka Japan, yakiwa na umri wa hadi miaka minane kama sheria inavyoruhusu. Kila mmoja wetu akipata lake, utaliegesha wapi? Kisiwa hakikui. Tayari yamepanda njia za miguu, na mwenye kiti cha magurudumu anashuka barabarani kushindana na tuktuk.

Simlaumu aliyenunua gari kwa sababu ana mgonjwa nyumbani, au kwa sababu binti yake anarudi usiku na matatu haziaminiki. Huyo amesukumwa. Usafiri wa umma umeachwa uoze, aliyeweza akakimbia, na kila anayekimbia anawazibia njia waliobaki. Mvua ikinyesha nauli inapanda maradufu, na anayeilipa ni yule asiye na pa kukimbilia. Hapo ndipo wizi wenyewe ulipo. Mwenye kidogo anamlipia mwenye kingi, kwa saa zake za usingizi.

Wala jambo hili si geni Mombasa. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mji huu ulikuwa na vigari vya reli nyembamba kutoka Kilindini hadi Mji wa Kale. Vilikuwa na kiti na kipaa cha kivuli. Aliyekaa kitini alikuwa bwana. Waliokuwa wakisukuma kwa mikono, wakikimbia peku juani, walikuwa babu zetu. Reli zile ziling'olewa zamani. Je, kusukuma kumekwisha?

Kuna miji iliyokataa. Singapore, nayo kisiwa kama sisi, tangu 1990 humtaka anayetaka gari anunue kwanza kibali chake kwa mnada, na kibali kina mwisho. London tangu 2003 inawatoza wanaoingiza magari katikati ya mji. Usiseme hiyo ni Ulaya na Asia. Lagos walianzisha njia za mabasi 2008. Dar es Salaam, jirani zetu hapa, walianzisha mwendokasi 2016. Una matatizo yake, mabasi hayatoshi na watu wanabanana. Lakini pale Kimara basi lina njia yake, na mwenye gari lake la watu wawili anakaa kando alitazame likipita. Hayo ni maamuzi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Na sisi tuna nini? Tuna bahari! Kisiwa kimezungukwa na maji pande zote, mababu zetu walifika India na Arabuni kwa majahazi, leo kutoka Kisauni hadi mjini tunapita kwenye daraja moja lililoziba. Kwa nini hakuna boti za abiria za uhakika kwenye maji ya Tudor? Kwa nini huduma ya Mtongwe, iliyozinduliwa upya 2017 kwa shangwe, imekuwa ya kusuasua? Maji yapo. Watu wapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuona aibu.

Basi tudai, na tudai kwa majina. Njia ya matatu na mabasi pekee kwenye daraja la Nyali saa za asubuhi na jioni. Feri za kutosha, na mwenda kwa miguu apakiwe kwanza. Boti Mtongwe na Tudor. Njia za miguu zenye kivuli na taa, zisizo na gari lililoegeshwa. Vivuko salama vya watoto Changamwe, na malori yaondolewe kandokando ya nyumba za watu.

Katiba ya 2010, ibara ya 201, inataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha za nchi. Mikutano ya bajeti ya kaunti huitwa, na viti vya ukumbini huwa vitupu kama vile vya magarini. Nenda ukakikalie kimoja. Usiende kunywa soda. Nenda ukaulize.

Mwaka 2027 hauko mbali. Watakuja Likoni, watakuja Kisauni, watakuja Changamwe, kwa misafara ya magari makubwa yenye vioo vyeusi, na watakuchelewesha tena siku hiyo kwa kufungiwa barabara. Anayekuomba kura aanze kwa kukueleza feri ngapi, mabasi mangapi, boti ngapi, mita ngapi za njia ya miguu, na kwa mwaka gani. Kilomita za lami aziseme mwisho. Asiyeweza, asipewe kura yako, hata akiwa ni wa mtaani kwako, hata akiwa ni wa damu yako.