Matema ipewe wiki nzima

Mimi ni mtoto wa Tukuyu. Nimekua nikiulizia Mlima Rungwe asubuhi kama watu wengine wanavyoulizia hali ya mgonjwa: leo umeonekana, leo umejifunika. Kwa hiyo wenzangu walipopiga kura ya safari yetu ya mwisho wa mwaka, Lushoto au Matema, hakuna aliyehangaika kuniomba kura. Walijua nitaipeleka kwetu. Nilipoinua mkono upande wa Lushoto, mmoja akaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, unakukana kwenu?"

Sikukana kwetu. Naandika haya ili nijieleze vizuri kuliko nilivyoweza siku ile, na kwa sababu najua kuna familia nyingi na vikundi vingi ambavyo wiki hizi vinabishana jambo hilihili juu ya meza.

Sisi ni walimu wanane tuliosoma chuo kimoja. Kila mmoja anachanga shilingi 30,000 kwa mwezi, na Desemba tunasafiri mara moja pamoja na familia zetu. Mwaka huu tuko watu 22 ndani ya Coaster moja. Mdogo kuliko wote ana miaka minne. Mkubwa ni mama mzazi wa mwenzetu, ana miaka 73, na sote tunamwita Bibi. Siku tulizonazo ni nne, kuanzia tarehe 26 Desemba. Hizo siku nne ndizo zilizonifanya nipige kura nilivyopiga.

Kutoka Dar es Salaam hadi Uyole ni zaidi ya kilomita 800. Pale unaiacha barabara ya Tunduma, unakata kushoto kwenda Tukuyu, unateremka hadi bondeni Kyela, ndipo uelekee Matema kwenye kona ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kwa Coaster yenye watoto wanaoomba kushuka kila baada ya muda, siwezi kuahidi chini ya saa 17. Maana yake siku ya kwanza tunalala Iringa au Makambako, ya pili tunafika Matema jua likizama, ya tatu tunageuza gari. Ziwa tunaliona asubuhi moja.

Najua hivyo kwa sababu tulishawahi kufanya hivyo miaka sita iliyopita, na ratiba ile niliiandika mimi. Tulifika Matema usiku, tukaoga ziwani saa tatu asubuhi, saa sita mchana tukapakia mizigo. Watoto walikuwa wamegundua kwamba maji yale hayana chumvi, wanakimbia kutuambia, nasi tunawaambia wavae viatu. Kesho yake, kati ya Mafinga na Iringa, nilikuwa nimekaa karibu na dereva. Nikaona kichwa chake kinashuka taratibu. Tairi za kushoto zikatoka kwenye lami, zikaanza kusaga changarawe. Nilimpiga bega kwa nguvu zangu zote, akashtuka, akarudisha gari barabarani, na lori lililokuwa linakuja likatupita likipiga honi ndefu. Nyuma walikuwa wamelala. Wengi hawakujua lolote mpaka nilipowaambia tulipofika mjini. Kijana yule alikuwa ameendesha kwa siku tatu mfululizo. Hakuwa mzembe. Sisi ndio tuliompa kazi ya madereva wawili.

Barabara ya kusini haiharakishwi. Inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, na humo ndani unapaswa kwenda polepole, kwa ajili ya wanyama kwanza, kisha kwa ajili ya faini ukigonga mnyama. Ukifika Kitonga unajipanga nyuma ya malori ya Zambia na Kongo yanayopanda kwa gia ndogo, moshi mweusi, bonde liko pembeni yako na huoni mwisho wake. Anayeogopa kuchelewa ndiye anayeingiwa na tamaa ya kupita kwenye kona. Na kwenye vijiji, askari wa tochi wapo, wanafanya kazi yao. Kikundi chenye siku nne kinaanza kuviona vitu hivi vyote kama maadui.

Hapo ndipo moyo unaponiuma, kwa sababu uzuri wa kusini uko kwenye kusimama. Ruaha Mbuyuni unasimama chini ya mibuyu, unanunua vitunguu, unauangalia mto. Iringa unaingia Kalenga kwenye makumbusho lilikohifadhiwa fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na mtoto anayelijua jina lile kitabuni tu anatoka pale kanyamaza. Kuna Isimila, na nguzo zake za udongo zilizochongwa na mvua. Kuna Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Maua yake huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Kuna Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, jiwe lililojiunga lenyewe kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Na ufukweni Matema kuna vyungu vya Wakisi, vyepesi kiasi kwamba mama akikushikisha kimoja unaogopa kukivunja. Katika safari yetu ya miaka sita iliyopita tulivipita vyote hivyo. Wenzangu wanasema walishafika kwetu. Mimi nasema walipitishwa.

Sasa Lushoto. Tukipita Bagamoyo hadi Msata tunaukwepa msongamano wa Kibaha na Chalinze. Wami siku hizi kuna daraja jipya, pana. Lile la zamani magari yalikuwa yanasubiriana. Tarehe 26 ndugu zetu wa Moshi wengi wameshapanda kwao kabla ya Krismasi na bado hawajaanza kuteremka, kwa hiyo barabara ya Segera inapumua. Korogwe, kisha Mombo, na pale Mombo tunaanza kupanda. Kwa kilomita kama 33 unapanda karibu mita 1,000 kwenda juu, joto la mkonge linabaki chini, na ukifika kwenye maporomoko ya Soni watoto wanaanza kuomba masweta. Ukiondoka alfajiri, mchana umeshafika. Siku mbili zinazofuata ni zako, ya nne ni ya kurudi.

Wajerumani waliuita mji ule Wilhelmstal, jina la mfalme wao, na walikuja kule kukimbia joto la pwani. Mimi naupenda kwa mambo madogo zaidi: sokoni Desemba kuna plamu na peasi, na akina mama wa Kisambaa wanazipanga kwenye vikapu kwa mafungu ambayo hata mtoto mwenye sarafu zake anaweza kununua. Irente, mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu kutoka mjini, unasimama kwenye ukingo wa jabali na tambarare yote ya Mazinde iko chini yako, mistari ya mkonge imenyooka kama daftari. Bibi anaweza kupelekwa hadi karibu kabisa kwa gari, akatembea hatua chache, akaona anachokiona kijana wa miaka 20. Si mahali pengi panapompa mzee haki hiyo.

Lushoto ina kasoro zake. Barabara ya kupanda ni nyembamba, kona zake zinatapisha watoto, na mvua kubwa zikinyesha udongo huporomoka. Hatutapanda usiku, hilo limeshakubaliwa. Hakuna ziwa, hakuna pa kuogelea, na vijana wetu wameshalalamika kwamba picha za milima kila mtu anazo. Nawaelewa, lakini picha haikai kwenye kiti saa 17 na miguu iliyovimba. Bibi ndiye aliyekaa hivyo mara ile. Tulipofika Iringa usiku alishindwa kuvaa viatu vyake, akashuka peku kwenye baridi, hakusema neno. Tangu siku ile, nikipanga safari, naanza na yeye na dereva. Wakishatosheka hao wawili, ndipo tuangalie mandhari.

Kuna aliyependekeza tuchukue madereva wawili tuende Matema hivyohivyo. Kwa usalama ni wazo zuri, nami naliunga mkono kwa safari yoyote ndefu. Ila dereva wa pili hakuongezei siku. Anakufikisha salama kwenye asubuhi ileile moja.

Pendekezo langu nililolipeleka kwenye kikundi ni kwamba Matema tuende Juni, shule zikifungwa, kwa siku nane. Kwenda tulale Iringa usiku mmoja na Tukuyu mbili, Matema tukae usiku tatu, na kurudi tulale tena Iringa. Maua ya Kitulo tutayakosa, nalijua hilo na linanisikitisha, lakini mvua za kwetu zitakuwa zimepungua na Rungwe utaonekana. Nilimpigia mama simu nimweleze kwamba Desemba hatuji. Nilidhani atasononeka. Akaniuliza mko wangapi, nikamwambia 22. Akanyamaza kidogo, akasema mara ile hakuwapikia hata chakula kimoja cha kukaa, waliondoka na ndizi za kuchoma mkononi. "Juni waje walale," akasema. "Nitaanza kuweka mchele wa Kyela."

Kura zilikuwa tano kwa tatu. Coaster itatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri tarehe 26, na kiti cha mbele, kile chenye nafasi ya kunyoosha miguu, nimeshakiandika jina la Bibi.