Haki ya Malaikkallan

Wako wahakiki waisifuo Azaad, filamu ya Kihindi ya mwaka 1955, kana kwamba ilizaliwa Bombay, haina baba wala mama. Humtaja Dilip Kumar, aliyepata kwayo tuzo ya Filmfare. Humtaja Meena Kumari. Husifu muziki wa C. Ramchandra, kisha hunyamaza. Kunyamaza huko ni dhuluma.

Asili yake yajulikana. Namakkal Ramalingam Pillai alitunga riwaya ya Kitamil iitwayo Malaikkallan, yaani Mwizi wa Mlimani. M. Karunanidhi akaiandikia mazungumzo, na mwaka 1954 S. M. Sriramulu Naidu akaifanya filamu, M. G. Ramachandran akiwa ndiye mwizi mwenyewe. Naidu huyo huyo, na studio yake ya Pakshiraja iliyokuwa Coimbatore, katika nchi ya Watamil, ndiye aliyeitengeneza Azaad.

Watetezi watauliza: ikiwa mtengenezaji ni mmoja, aliyedhulumiwa ni nani? Naidu hakudhulumiwa wala hakudhulumu. Aliyedhulumiwa ni mtunzi wa riwaya, pamoja na lugha aliyoitungia; na mdhulumu ni mhakiki. Kihindi kina wasemaji wengi na soko pana. Wingi huo waweza kuieneza hadithi. Hauwezi kudai kuwa ndio ulioizaa.

Basi kila aandikaye juu ya Azaad na aanze na Malaikkallan. Heshima ya Dilip Kumar haitapungua hata chembe. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili hulipwa kwa kutaja jina.