Boxer au TVS? Swali lenyewe ni bovu

Najua nimekuwa kimya tangu ile makala ya kuhamisha seva, na najua pia kwamba wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya kompyuta. Leo mtanivumilia. Nitaongea juu ya pikipiki, ingawa mkifika mwisho mtaona sikutoka mbali sana na kazi yangu.

Kila asubuhi nikielekea kazini napita kwenye steji ya boda boda hapa Ruiru. Mjadala wa hapo haujabadilika kwa miaka minne niliyokaa mtaa huu. Watu wa Boxer wanasema TVS ni ya kubebea mayai. Watu wa TVS wanasema Boxer inakunywa petroli kama mlevi aliyepokea mshahara. Kuna mzee wa Honda ambaye husikiliza tu, kisha husema yeye habishani na watoto. Na kuna kijana mmoja mwenye pikipiki ya Kichina. Huyo haruhusiwi hata kufungua mdomo.

Nawaelewa sana. Nilipokuwa chuoni nikisomea sayansi ya kompyuta tulikuwa na vita vyetu: Emacs dhidi ya vi, Ubuntu dhidi ya Fedora. Niliwahi kununiana na rafiki yangu wiki mbili nzima kwa sababu ya programu ya kuandikia msimbo, na hakuna kati yetu aliyelipwa hata shilingi moja kuitetea.

Lakini nimechoka, na nitasema waziwazi: huu ugomvi wa chapa unawafaidi wauzaji peke yao. Mkiwa mnapigania jina lililoandikwa kwenye tangi, hakuna anayeuliza pikipiki ikiharibika itakaa siku ngapi gereji. Na hilo ndilo swali linaloamua kama watu watakula nyumbani.

Mnapigania nini hasa?

Tuanze na historia kidogo. Boxer inatengenezwa na Bajaj. TVS ni TVS. Zote mbili ni kampuni za India. Bajaj ilijifunza mengi ya pikipiki kwa kushirikiana na Kawasaki ya Japani tangu miaka ya 1980. TVS nayo ilikuwa na ubia na Suzuki, hiyo hiyo ya Japani, ubia uliovunjika mwaka 2001. Hata Hero mnayoiona barabarani ilizaliwa kama Hero Honda mwaka 1984, na wakaachana na Honda baada ya mwaka 2010. Kwa hiyo mnapotukanana steji, mnatukanana juu ya wanafunzi wa shule moja waliokaa madawati tofauti.

Hamkuanza nyinyi. Uingereza ya miaka ya 1960 ilikuwa na vijana wa aina hiyo hiyo, waliokusanyika mahali kama Ace Cafe jijini London, huyu na Triumph yake, yule na Norton yake. Kila mmoja aliamini ya mwenzake ni takataka. Wajanja walikuwa wale waliochukua injini ya Triumph wakaifunga kwenye fremu ya Norton, kwa sababu injini hii ilikuwa nzuri na fremu ile ilikuwa nzuri. Walichanganya hata jina, wakaiita Triton. Hao ndio watu wangu.

Wakati mashabiki wakibishana, pikipiki za Kiingereza ziliendelea kuvuja oili na kuwashwa kwa teke. Mwaka 1969 Honda ikaleta CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, stata ya umeme. Kufikia 1973 BSA, iliyokuwa kampuni kubwa ajabu, ilikuwa imemezwa kwenye muungano wa kuokoana ulioitwa Norton Villiers Triumph, na wafanyakazi wa kiwanda cha Triumph huko Meriden walikuwa wamekikalia kiwanda ili kisifungwe. Mapenzi ya mashabiki hayakukaza boliti hata moja.

Sasa sikilizeni hii. Tangu Aprili 2020 mwenye Norton ni nani? TVS. Na tangu 2023 zile Triumph ndogo za 400cc zinatengenezewa wapi? India, na Bajaj. Kumbe ugomvi wa London wa miaka 60 iliyopita na ugomvi wa steji yetu ya Ruiru umeishia kwenye meza za mabwana wale wale wawili! Wao wanahesabu pesa, sisi tunahesabu matusi.

Kisa cha binamu yangu

Mwaka jana binamu yangu, anayeishi upande wa Kakamega, alichukua pikipiki mpya kwa mkopo. Malipo ya awali nilichangia mimi. Chapa sitaitaja. Nikiitaja, nusu yenu mtaacha kusoma mshangilie na nusu nyingine mkasirike, na hoja yangu itakufa hapo hapo. Muuzaji pia simtaji.

Mkopo ulikuwa wa kulipa shilingi 480 kila siku, pamoja na Jumapili. Alilipa miezi saba bila kukosa. Halafu koili inayozalisha umeme ikaungua. Si kosa lake, na waranti ilikuwa bado hai. Akaisukuma mpaka duka la kampuni mjini, akaambiwa aiache hapo, spea itaagizwa Nairobi.

Wiki ya kwanza: "Iko njiani." Wiki ya pili: "Mtu wa stoo hayuko." Mimi nikapiga simu kutoka Nairobi. Nikamwomba yule mama wa mapokezi kitu kimoja tu, namba ya spea, ili nizunguke Barabara ya Kirinyaga niitafute mwenyewe, niilipe mwenyewe na niipakie kwenye basi la usiku.

"Kijana, hiyo ni habari ya ndani ya kampuni," akaniambia.

Namba ya koili, jamani! Siyo namba ya siri ya benki.

Pale pale mjini kulikuwa na fundi wa jua kali ambaye binamu yangu anamwamini. Fundi alisema koili kama hiyo anaisuka upya alasiri moja. Lakini akiigusa tu, waranti inakufa. Na waranti ikifa, injini ikipata shida mwezi ujao ni juu yako. Kwa hiyo binamu yangu akasubiri, maana waranti ndiyo iliyomfanya anunue pikipiki mpya badala ya mtumba.

Siku sita za kwanza alilipa mkopo kwa akiba yake. Nikamtumia kidogo, ikaisha. Siku ya 21 watu wa mkopo walikuja kuichukua pikipiki. Hawakuhitaji hata kuitafuta, ilikuwa imeegeshwa kwenye uwanja wa duka lile lile lililoiuza. Siku ya 23 simu yake ikalia.

"Spea yako imefika. Ulete pikipiki."

Aliniambia kisa hiki akicheka, kile kicheko cha mtu ambaye hana namna nyingine. Miezi saba ya malipo ilikwenda hivyo. Sasa anabeba mchanga kwenye mjengo.

Hesabu ambayo steji haifanyi

Sisi tunaosimamia seva tuna namna ya kupima uaminifu wa mtambo. Hatuulizi tu, "Inaharibika mara ngapi?" Tunauliza pia, "Ikiharibika, inachukua muda gani kurudi kazini?" Ukiwa na jibu moja bila jingine, huna kitu.

Chukua pikipiki mbili za kufikirika:

1. Pikipiki A inafanya kazi siku 60, inaharibika, inatengenezwa kwa siku moja. Iko kazini siku 60 kati ya kila siku 61, yaani asilimia 98.4.

2. Pikipiki B inafanya kazi siku 365 bila tatizo, inaharibika, inakaa gereji siku 23. Iko kazini siku 365 kati ya 388, yaani asilimia 94.1.

Steji nzima itakuapia kwamba B ndiyo "ngumu", na A ni takataka. Lakini kwa mwaka A inakupotezea kama siku sita, moja moja, ambazo unaweza kuzifidia kwa kufanya kazi hadi usiku. B inakupotezea siku 23 mfululizo, na mkopo haungoji. Ndiyo, A utaitengeneza mara nyingi zaidi na kila mara utalipa. Lakini utalipa ukiwa bado una pikipiki.

Kwa hiyo ukiniuliza pikipiki ipi ni bora, nitakuuliza unaishi wapi. Bora ni ile ambayo koili yake inapatikana mjini kwenu leo jioni, na ambayo mafundi watatu wa karibu wanaijua kwa macho yaliyofumbwa. Hicho hakiandikwi kwenye tangi.

Utetezi wa wauzaji

Najua watakachosema, na kuna ukweli ndani yake. Watasema spea bandia zimejaa madukani. Kweli zimejaa. Watasema kuna mafundi wanaofungua injini kwa nyundo. Nimewaona kwa macho yangu.

Lakini dawa ya spea bandia ni mwangaza. Katika programu huria mtu yeyote anaweza kunakili kazi yako, na bado unajua ipi ni ya kweli, kwa sababu mwenye kazi anatangaza hadharani alama ya kuithibitishia. Tangazeni orodha ya spea na namba zake. Wekeni kwenye pakiti namba ya siri ya kukwangua, mteja aitume kwa SMS ajibiwe kama ni halali. Muuza spea bandia anaishi kwa sababu mteja hajui cha kuuliza. Na fundi anayetumia nyundo, mpeni kitabu cha ufundi kinachosema boliti hii ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Mmemficha kitabu, halafu mnamcheka kwamba hajasoma!

Isitoshe, hii siyo hisani tunayoomba. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na alichonunua. Mimi si wakili, lakini namba ya koili kama siyo habari ya aina hiyo, basi sijui ni ipi.

Tunakoelekea ni kubaya zaidi

Hapa narudi kwenye kazi yangu. Pikipiki za umeme zimeingia, na mimi binafsi nazipenda. Hazina oili, hazina plagi, na kelele hakuna. Lakini ndani yake kuna programu. Betri ya kubadilishana ni ya kampuni na kituo cha kubadilishia ni cha kampuni. Betri ya kampuni hii haifanyi kazi kwenye pikipiki ya kampuni ile. Fundi wetu wa jua kali alikuwa anaweza kusuka koili. Je, atasuka nini kwenye msimbo uliofungwa?

Wenzetu wameliona hili mapema. Jimbo la Massachusetts, Marekani, wapiga kura walipitisha mwaka 2012 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari kuwapa wenye magari na mafundi huru habari za matengenezo. Magari yalipoanza kutuma data hewani, mwaka 2020 wakapiga kura tena kuipanua sheria iguse data hiyo. Sisi hatujaomba hata kitabu cha karatasi. Tuko steji tunabishana nani anakunywa petroli.

Basi tufanye nini?

Kabla ya kununua, usiulize mwenye steji anapenda chapa gani. Ingia dukani uulize maswali manne, na uombe majibu kwa maandishi:

1. Spea ya waranti ikikosekana hapa, nitangoja siku ngapi kwa uchache na kwa wingi?
2. Siku hizo zikipita, mtanipa pikipiki ya kufanyia kazi?
3. Nikibadilisha oili kwa fundi wangu na kuweka risiti, waranti inabaki?
4. Nitapata wapi orodha ya spea na namba zake?

Mtu mmoja akiuliza, watamcheka. Steji nzima ikiuliza, watu wa Boxer na watu wa TVS pamoja, na yule mzee wa Honda, na hata kijana wa pikipiki ya Kichina, watajibu. Vyama vya boda boda vina wanachama wa kutosha kuhamisha biashara kutoka duka moja hadi jingine kwa wiki moja. Hiyo nguvu mnayo, ila mnaitumia kutukanana.

Mimi nimeanza kidogo. Nimetengeneza ukurasa mtupu wa orodha: mji, spea, siku za kungoja. Sitaki jina la chapa kwenye safu ya kwanza, nalitaka kwenye safu ya mwisho. Mstari wa kwanza tayari nimeuandika: Kakamega, koili, siku 23.

Ya kwako ilingoja siku ngapi? Andika hapo chini. Na wewe unayetaka kuandika "TVS juu!", tafadhali pitia steji yetu Ruiru, huko watakusikiliza.