Viungo vya tovuti vya kununua kwa mafungu ni hasara

Mfanyabiashara mdogo anayefungua tovuti ya kampuni yake, iwe ya utalii Arusha au ya kuuza vanila Bukoba, hachelewi kupata barua pepe ya mtu anayetaka kumwandikisha katika orodha 500 za tovuti kwa malipo ya mara moja. Anaahidiwa kwamba baada ya hapo jina lake litapanda hadi ukurasa wa kwanza wa Google. Biashara hiyo ilistahili kufa zamani.

Ahadi yenyewe ina asili ya kweli, na ndiyo maana inanasa watu. Yahoo ilipoanza mwaka 1994 ilikuwa orodha tu, iliyokusanywa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Jerry Yang na David Filo. Mwaka 1998 ikafuata DMOZ, iliyohaririwa na watu wa kujitolea. Mwaka huohuo ikaanzishwa Google, ambayo hupima uzito wa tovuti kwa kuangalia, pamoja na mengine, ni tovuti zipi zinazoielekezea wasomaji. Kiungo kutoka katika orodha iliyopitiwa na mhariri kikawa kama kura ya mtu anayeheshimika. Kampuni zilifikia kulipa Yahoo dola 299 kwa mwaka, na hata hivyo kukubaliwa hakukuwa na uhakika.

Penye kura hapakosi wanunuzi. Zikazuka orodha chungu nzima zisizo na mhariri wala msomaji, kazi yake kuuza viungo tu. Aprili 2012 Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Penguin, na tovuti zilizojipandisha kwa hila zikaporomoka. Wapo waliolipa mara mbili: kwanza kuandikishwa, kisha kumlipa mtaalamu wa kuwaomba wenye orodha wawafute. Tangu 2016 viungo vya namna hiyo mara nyingi hupuuzwa tu, kwa hiyo mwenye bahati hupoteza fedha peke yake. Orodha ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, DMOZ ikafuata Machi 2017, na mwongozo wa Google unazitaja waziwazi orodha hafifu miongoni mwa viungo vya udanganyifu.

Hata hivyo, si kila orodha ni ya kutupwa. Swali ni moja: je, mteja anaifungua? Wakala wa safari wa Ulaya anayetaka kujua kama kampuni fulani inafahamika kabla ya kutuma malipo ya awali ana sababu ya kutazama orodha ya wanachama wa TATO, Arusha, au ya KATO, Nairobi. Kujiandikisha katika ramani ya Google nako ni bure, ilimradi namba ya simu na saa za kazi ziwe sahihi. Hapo ndipo wengi huzembea. Namba iliyobadilishwa zamani bado inaonekana pale, na mteja anapiga bila kujibiwa.

Fedha zinazobaki ziende kwenye tovuti yenyewe. Mnunuzi wa vanila hutaka kujua urefu wa maganda, unyevu wake, na kilo ngapi zitapatikana na lini. Tovuti isiyosema hayo haitaokolewa na viungo 500 vilivyobanwa katikati ya matangazo ya kamari na dawa za kupunguza unene.