Etaji saba juu ya vichwa vya wazee? Hapana!

Wakaaji wa Bukavu, vijana wenzetu,

Kwenye mteremko mmoja wa Ibanda, juu kabisa ya nyumba wanamokaa wazee wetu, mtu anataka kusimamisha jengo la etaji saba. Majirani wamekataa. Sisi pia tunakataa.

Hatupingi maendeleo, kama wengine wameanza kutusingizia. Lakini udongo wa Bukavu tunaujua: mvua moja ya usiku, ukuta uko chini. Tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitetemeka hapa, nyumba zikaanguka, watu wakakufa. Nani amepima udongo wa ile parseli? Makaratasi iko wapi? Tuliuliza, tukajibiwa eti mradi ni ya mukubwa. Basi huyo mukubwa aje alale chini ya huo ukuta mwezi wa nne!

Mama mmoja wa pale, anayetembea na fimbo, hata hakutuambia juu ya jua watakalofungiwa. Anaogopa njia. Iko moja tu, na malori ya mawe yatapita humo. Mulima ukishuka usiku, atakimbilia wapi?

Katiba yetu, kifungu cha 49, inawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Watu wa urbanisme wasitie sahihi mbele ya kupima udongo na kusikiliza wakaaji. Kama ruhusa ilishatoka, waionyeshe, tuisome.

Siku ya Kwanza saa tatu ya asubuhi, tukutane mbele ya komini. Bila jiwe, bila matusi. Kila mmoja alete kiti: wazee watakuja, na hawawezi kusimama muda murefu.