Solitaire Si Bahati, Ni Vile Hutulii

Wasee, wacha niseme hii na mkasirike mkitaka: wengi wenu hamjui kucheza Solitaire. Mnajua kusukuma karata. Hizo ni vitu mbili tofauti.

Kila nikiuliza msee mbona ameanza gemu mpya na ile ingine haijaisha dakika, jibu ni lile lile: "Karata zilikuwa mbaya." Karata gani, zile hujaziona? Hebu tuhesabu. Safu ni 7. Ya kwanza ina karata 1, ya mwisho 7, jumla 28. Kati ya hizo, 21 zimefunikwa. Zingine 24 ziko kwa rundo la kuchota. Yaani umeona karata 7 kati ya 52 na tayari unalia.

Bahati iko, sikatai. Lakini watu wa hesabu walishapiga hii kitu kwa kompyuta: ukichota tatu tatu, na ujue kila karata imelala wapi, karibu gemu 82 kwa 100 zinamalizika. Sisi hatuoni zilizofunikwa, kwa hivyo hatufiki hapo. Sawa. Lakini toka 82 mpaka hizo chache unazoshinda ni mbali, na si shetani amekuangusha njiani.

Uko na 6 nyekundu mbili, na 7 nyeusi moja inangoja. Wewe unasogeza ile iko karibu na kidole. Buda, sogeza ile imekalia karata nyingi zilizofichwa! Kazi ya kwanza ni kufunua.

Alafu unakimbilia kumaliza safu ndio ubaki na nafasi wazi, na huna K hata moja. Nafasi wazi inaingia K peke yake. Sasa umefungua mlango na hakuna mgeni.

Na si lazima kila karata ipande juu ati kwa sababu inaweza. A na 2, pandisha. 5 na 6, ngoja kwanza, pengine utazihitaji hapo chini zibebe zingine.

Mtasema ni gemu tu, ya watu wa ofisi. Lakini ni nyinyi mnaweka mia zenu kwa ile ndege ya kubeti, mkingoja ipotee, na huko mnasema muko na "mbinu". Mahali unaamua tu saa ya kutoka, unajiita mtaalamu. Mahali kila hatua ni yako na hakuna mtu anakula shilingi yako, unasema ni bahati. Mmeshika mambo kichwa chini miguu juu, bana.

Kwa hivyo kabla ubonyeze kuanza upya, pitia rundo lote mara moja bila kugusa kitu. Jua nini iko ndani. Rudi kwa safu, angalia tena. Ukikwama hapo, umekwama kihalali.

Kabla ya hapo, ulitoroka tu.